Kanopi Niliyoitia Saini

Siku niliyopangiwa kazi kwenye karakana ya ndege, afisa mteule aliyekuwa mkuu wa pale alitazama mikono yangu kabla hajatazama karatasi zangu. Tulikuwa sita tuliotoka mafunzoni pamoja, mimi pekee mwanamke. Wenzangu walitaka injini. Mimi nilitaka popote penye kivuli.

“Kwenu wapi?” aliniuliza.

“Shinyanga, afande. Kishapu, pale Mhunze.”

“Mnalima nini?”

“Pamba na mtama.”

“Pamba umechuma?”

“Tangu sijaanza shule.”

Akaniambia nigeuze viganja juu. Akavitazama, kisha akamgeukia karani. “Huyu aandikwe vioo.” Basi, miaka yangu kumi na minne ya jeshi ikawa imeamuliwa hapo. Baadaye sana aliniambia sababu. Mchuma pamba, alisema, amezoea kutoa kitu laini kwenye ganda kavu linalochoma vidole, na akakitoa bila kukichafua. Injini inahitaji mtu mwenye nguvu na kelele. Kioo kinahitaji mtu asiye na haraka.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Buseresere, upande wa Chato, kwa hiyo kule mbali tulihesabiana kama watu wa kanda moja. Tukiwa wawili aliniita mwanangu. Mimi niliendelea kumwita afande mpaka mwisho, sikuweza kingine.

Niseme kidogo kuhusu hivyo vioo. Ndege ndogo ya kijeshi ina kioo cha mbele, na juu ya kichwa cha rubani ina mfuniko mkubwa unaopitisha mwanga, umekaa kama bakuli lililofunikwa. Huo ndio tunaouita kanopi. Watu wote husema kioo, lakini ni plastiki ngumu, na ni laini kuliko unavyodhani. Ukiifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, umeichora. Ukiipaka petroli ili ing'ae, leo itang'aa, na baada ya miezi itaanza kutoa mipasuko myembamba kama nywele. Jua likiipiga hiyo mipasuko, rubani haoni kilicho mbele, anaona mng'ao tu. Kanopi ikishafika hapo inatupwa, na mpya inaagizwa nje ya nchi. Unaagiza, unasubiri, unaandika barua ya kukumbushia, na ndege yenyewe imekaa bandani inapigwa na vumbi wakati bei ya hicho kioo inapanda.

Afande alinifundisha kuosha kwanza. Maji mengi, halafu kiganja kitupu, bila kitambaa, bila pete. Kiganja kinasikia punje ya mchanga ambayo kitambaa hakiisikii. Ukiisikia, unausimamisha mkono, unaongeza maji, unaiacha iteleze yenyewe. Ndipo unafuata na flana safi ya pamba, kwa mstari mnyoofu, usizungushe. Nilipoolewa sikuvaa pete kazini, na baadaye nikawa nasahau kuivaa hata nyumbani. Mume wangu alisema hiyo ni dalili. Huenda ilikuwa. Tuliachana bila ugomvi mkubwa, na hapa sitamzungumzia zaidi.

Nilikuwa koplo wakati agizo la kupunguza gharama lilipofika. Vikosi vyote viliambiwa vibane matumizi, na kila mkuu wa karakana akatakiwa kueleza atabana wapi. Wengine waliandika wataokoa sabuni na taa. Afande akaniita akanionyesha orodha ya kanopi zilizokuwa zinasubiri kutupwa. Zilikuwa zimeegemezwa ukutani stoo, zina ukungu.

“Hizi hazijafa,” alisema. “Zimechoka tu. Tunaweza kuzirudisha.”

Tulizirudisha. Tulianza na msasa wa maji, ule mkali kidogo, tukaenda tukishuka mpaka ule ambao ukiugusa unadhani ni karatasi ya kawaida. Baada ya msasa, polishi. Baada ya polishi tuliisimamisha kanopi mbele ya ubao wenye mistari iliyochorwa kwa rula, tukatazama mistari kupitia ndani yake. Mistari ikinyooka, rubani ataona njia ilivyo. Mistari ikipinda, unarudi kwenye msasa. Mwisho tulipima unene kwa kifaa kidogo unachokibandika juu ya plastiki, nacho kinakuonyesha namba. Namba ile ndiyo ilikuwa roho ya kazi, kwa sababu msasa hauondoi mkwaruzo peke yake. Unaondoa na kioo. Kila ukirudisha kanopi, umeipunguza. Kulikuwa na kiwango cha chini ambacho ukikifikia, hata kama kanopi inang'aa kama maji ya kisima, imekwisha.

Afande alishona pia vifuniko vya marekani, kile kitambaa cheupe cha bei rahisi, akavitia flana kwa ndani, ili ndege zikitua zifunikwe zisile vumbi. Nasema alishona, lakini nilishona mimi, kwa cherehani ya mke wake. Alinipa daftari gumu na kila kanopi tukaipa ukurasa wake: lini imeoshwa, lini imesuguliwa, namba yake ni ngapi. Sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kazini kama kipindi kile. Tuliacha kuagiza. Marubani walikuwa wanapita karakana kutuambia kwamba leo wakiwa juu wameona ziwa lote la jirani na kambi.

Wakubwa walisikia, wakaja kuangalia. Walikuwa na kalamu na miwani. Mmoja wao, mtu mpole, alipitisha kidole karibu na kanopi bila kuigusa, akauliza maswali mazuri. Afande alimfungulia daftari. Yule mkubwa akasema karakana nyingine zote zingekuja kujifunza kwetu. Siku hiyo tulipewa soda.

Hakuna aliyekuja kujifunza. Kilichokuja, bajeti ilipopangwa tena, ni karatasi iliyosema kwamba kwa kuwa sehemu ya vioo haijaagiza kitu kwa muda mrefu, mahitaji yake yamepungua, na mgao wake umepelekwa penye uhitaji. Hapakuwa na flana tena, wala polishi, wala msasa ule wa mwisho unaofanana na karatasi. Afande aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, akanipa nami nisome.

“Tumebana mpaka tumejibana wenyewe,” alisema. Kisha akaenda kunywa chai.

Hakuandika barua ya kulalamika. Nilimsihi aandike. Alisema alishaandika nyingi katika maisha yake. Mwaka wake wa kustaafu ulikuwa karibu, na nadhani alikuwa ameanza kuhesabu. Alipoondoka waliniongezea cheo, nikawa sajini, nikaachiwa daftari na sehemu nzima ya vioo, ambayo kwa wakati ule ilikuwa mimi na bomba la maji. Wasaidizi walihamishiwa kwenye matairi. Vifuniko vya marekani vilichanika kwa jua, nikavishona, vikachanika pembeni ya mshono. Siku moja nilifika nikakuta mtu wa zamu ameifuta kanopi kwa fulana yake akitumia petroli, anajivunia jinsi inavyong'aa. Nilimwambia aache. Alinijibu kwa adabu kwamba aliambiwa sehemu yangu haina vifaa, kwa hiyo ameamua kusaidia.

Kulikuwa na kanopi moja ya ndege ya mafunzo ambayo ilinitesa. Nilipoipima miezi kadhaa kabla afande hajaondoka, nilikuta namba imeshuka sana kuliko ilivyoandikwa daftarini. Nilipima tena asubuhi yake, plastiki ikiwa baridi. Ile ile. Nilijua ni mimi niliyeisugua mara ya mwisho, kwa mkono wangu, na nikaamini nimeikandamiza kupita kiasi. Nilikaa na wazo hilo kwa miezi. Kila nikishika msasa nilikuwa nalegeza mkono mpaka kazi haiendi, nikiwaza kwamba mkono wangu unakula kioo.

Kipimo cha mwisho nilichokichukua kwenye kanopi hiyo kilikuwa chini ya kiwango. Kidogo tu, lakini chini. Nilimwandikia meja aliyekuwa anasimamia ufundi kwamba itolewe. Akaniita ofisini. Hakunikemea. Alinikaribisha kiti.

“Sajini, nyinyi ndio mliotufundisha kwamba kanopi haitupwi ovyo,” alisema.

“Ndiyo, afande. Lakini hii imefika mwisho.”

“Imepasuka?”

“Hapana.”

“Mistari imepinda?”

“Haijapinda.”

“Basi kilichobaki ni namba. Hakuna mpya. Hata tukiagiza leo, unajua itafika lini. Nina vijana wanahitaji saa za kuruka. Sikuamuru. Nakuomba tu uitazame upya.”

Niliitazama upya. Niliipima mahali pengine, karibu na ukingo ambako plastiki ni nene zaidi, nikaandika namba ya hapo. Nikatia saini kwamba inafaa kuruka. Ningependa kusema nilitishwa, au nilidanganywa, lakini sikutishwa na sikudanganywa. Nilikuwa nimebisha kwa miaka miwili, kuhusu flana, kuhusu petroli, kuhusu vifuniko, na siku hiyo nilichoka. Nilitia saini saa nne asubuhi, nikaenda kula.

Iliruka wiki tatu. Wiki ya nne, ikiwa inakimbia kwenye njia ya kurukia, kanopi ilipasuka kuanzia kwenye tundu la skrubu na kufunguka mpaka juu. Rubani alikuwa luteni kijana, mchangamfu, mmoja wa wale waliokuwa wakipita karakana kusema wameona ziwa. Alikata nguvu ya injini, akashika breki, ndege ikapitiliza njia ikaingia kwenye mtaro wa maji ya mvua. Mguu wa mbele ulikatika na bawa likakunjika. Kipande cha plastiki kilikuwa kimeingia kwenye jicho lake la kushoto.

Yeye alipona, jicho halikupona.

Nilikwenda kumwona hospitali. Alikuwa amefungwa bandeji nusu ya uso, anakula chungwa ambalo mama yake alikuwa anammenyea. Nilianza kumwambia yaliyonileta, nikashindwa katikati. Alidhani nalia kwa huruma.

“Pole na wewe, sajini,” aliniambia. “Ni vitu vya kazi.”

Mama yake akanipa kipande cha chungwa. Nilikipokea, nikakila nikiwa nimesimama.

Mbele ya tume nilisema kila kitu, na namba ya kwanza niliyoiacha nikaitaja. Waliniuliza kama niliamriwa. Nilisema hapana, niliombwa. Meja naye alisema hivyo hivyo, na alikuwa anasema kweli. Mjumbe mmoja wa tume alisoma kwa sauti gharama ya ndege iliyoharibika, na nikatambua kwamba ilikuwa kubwa kuliko kila kitu tulichookoa mimi na afande tangu tulipoanza. Sikuhitaji mtu anipigie hesabu. Nikastaafishwa. Nilirudisha sare na buti, nikapanda basi kuja Shinyanga, na kutoka Shinyanga nikaja nyumbani Mhunze kwa mama.

Nilikaa karibu mwaka mzima bila kumtafuta afande. Nilijua amehamia Nyarugusu, kule kwenye machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Geita. Kiinua mgongo chake alikuwa amekiweka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, akishirikiana na jamaa wawili. Kwamba shimo lile lilikuwa limejaa maji na wenzake wameondoka, nilisikia pia. Nilijiambia nitakwenda mavuno yakiisha. Mavuno yakaisha. Nikajiambia nitakwenda mvua zikikatika. Mama ndiye aliyenisukuma, bila kujua anasukuma nini. Alijaza michembe kwenye mfuko, vile viazi vyetu vilivyokatwa na kukaushwa, akaniambia, “Huyo mzee uliyekuwa unamtaja, mpelekee. Mtu hakufundishi kazi ukamwacha hivi.”

Nilipita Kahama, nikalala Geita kwa shangazi, asubuhi nikachukua bodaboda. Nyarugusu nilimwulizia kwa kazi yake ya zamani. Hakuna aliyemjua kwa hiyo. Nilipoeleza umbo na umri wake, mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza uji akasema, “Labda yule mzee mwenye kifua, wa karasha.”

Karasha ni mashine ya kusaga mawe. Mawe yenye dhahabu yanapondwa kwanza kwa nyundo, kisha yanaingizwa kwenye pipa la chuma lenye mipira mizito ndani, pipa linazungushwa, na linatoa unga mweupe. Nilipokaribia banda lake sikuona watu, niliona vumbi, na ndani ya vumbi niliona mtu anatembea kwa hatua ninazozifahamu. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Nilidhani ni uzee. Alipojifuta zikawa nyeusi.

“Shikamoo, afande.”

Alinitazama muda. “Marahaba, mwanangu.” Akamwashiria mwenzake ashike mashine, akanipeleka nyuma ya banda kwenye benchi. Katika hatua hizo thelathini alisimama mara mbili. Alipoketi, alikohoa huku ameshika magoti, kikohozi kikavu kisichotoa kitu.

“Umekonda,” alisema alipopata pumzi.

“Na wewe, afande.”

“Mimi nina sababu. Walinipa dawa za kifua kikuu, nikazimaliza. Wakapiga picha tena, wakasema si kifua kikuu. Ni hili vumbi. Limeganda ndani, mapafu yamekuwa magumu.”

“Na bado unafanya kazi hapa?”

“Nikienda nyumbani nitakuwa mgonjwa wa nyumbani. Hapa ni mgonjwa mwenye kazi.”

Nilimpa michembe. Alichukua kipande akakiweka mdomoni, akawa anakifyonza, hakutafuna. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mhunze, na pale kwenye benchi yote yalipotea. Nikasema tu kwamba kuna jambo la kanopi nimekuja kumwambia.

“Nililisikia,” alisema. “Kijana mmoja wa matairi alinipigia.”

“Alikwambia nani aliyetia saini?”

“Hakusema. Nilijua. Nani mwingine alikuwa amebaki?”

Karasha ilikuwa inalia upande wa pili wa banda.

“Ulipima?” aliuliza.

“Nilipima.”

“Ikasema nini?”

Nikamtajia namba. Akafumba macho, nadhani alikuwa anaiona kwenye ukurasa. Nikamweleza jinsi nilivyohamishia kifaa ukingoni ili nipate namba nyingine. Nikamweleza na lile la nyuma yake, kwamba niliiharibu mwenyewe kwa kuikandamiza na msasa, kwamba mkono wangu ulikuwa mzito na sikumwambia mtu.

“Mkono wako haukuwa mzito,” alisema.

“Namba ilishuka ghafla, afande. Niliona mwenyewe daftarini.”

“Haikushuka ghafla.” Alikohoa, nikamsubiri. “Ile kanopi ilikuwa imeshashuka kabla ya wale wakubwa kuja. Nilipima siku mbili kabla. Ilikuwa imegusa kiwango. Nikaandika namba ya mwaka wa nyuma.”

Sikuelewa mara moja. Nilimwuliza kwa nini.

“Tulishawaambia tunaweza. Wageni wako njiani, daftari ni safi, kurasa zote nzuri. Nikaona hii moja nitaitoa wakishaondoka. Wakaondoka, tukapewa soda, nikaona aibu kuitoa. Nikasema itakwenda kidogo. Ikaenda.” Alitazama mikono yake. “Wewe ulitia saini kitu ambacho nilishakitia saini mimi. Tofauti ni kwamba mimi niliondoka kabla hakijapasuka.”

Watu husema ukweli humweka mtu huru. Kwa dakika moja nilihisi hivyo, nilihisi mzigo umeshuka begani. Kisha nikakumbuka ile miezi niliyokuwa naogopa mkono wangu mwenyewe, na yeye akinitazama ninavyosugua kama mtu anayempapasa mtoto mchanga, kwa maana wakati huo alikuwa bado hajastaafu, alikuwa ameketi pale pale mlangoni na kikombe chake. Aliona. Alijua kwa nini. Hakusema.

“Ulinitazama tu,” nilimwambia.

“Nilikutazama.”

“Ningekuwa najua, nisingetia saini.”

“Hilo hulijui,” alisema, na hakulisema kwa ukali. “Na mimi silijui.”

Ningekasirika, nilikuwa na haki hiyo. Lakini alikuwa amekaa mbele yangu anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba nzito, na mdomoni ana kipande cha kiazi ambacho hawezi kukitafuna. Nilimwuliza kama ana kitambaa cha kufunga mdomo akiwa kazini. Alisema alikuwa nacho, lakini kikilowa jasho kinambana pumzi, na pumzi zenyewe ni chache. Nilimwambia nitamshonea vingine, vyepesi.

“Shona,” alisema.

Aliniuliza habari za yule luteni. Nilimwambia yuko makao makuu, amepewa kazi ya ofisini, anatunza mafaili. Aliniuliza na zile ndege nyingine. Nilimwambia niliposikia mara ya mwisho zilikuwa zimeegeshwa, vioo vyote vimekuwa vyeupe, watu wanasubiri oda. Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayeambiwa mvua haijanyesha huko.

“Ile njia yetu ilikuwa nzuri,” alisema.

“Ilikuwa nzuri.”

“Ilikuwa inataka watu na flana. Vitu viwili tu.”

Mwenzake alimwita kwamba pipa limejaa. Alisimama kwa kushika benchi. Nilimsindikiza mpaka mwanzo wa vumbi, akaniambia nisiingie, nitaharibu nguo. Nilimtazama akiingia. Sikumwambia nimemsamehe, na yeye hakuniomba.

Nilishona vitambaa vinne nilipofika nyumbani, nikavituma kwa basi. Alinipigia simu kushukuru, akasema ni vizuri, mshono ni ule ule. Sidhani alivivaa.

Alifariki msimu wa mvua uliofuata. Mke wake alinipigia kutoka Buseresere siku tatu baada ya mazishi, maana hakuwa na namba yangu mpaka alipofungua simu ya marehemu. Alisema mwishoni mume wake alikuwa analala ameketi. Alisema hakuacha neno kwa mtu yeyote, alikuwa anaokoa pumzi. Akaniuliza kama jeshi limearifiwa, kwa sababu wao hawakujua wampigie nani, na walitarajia labda wangekuja watu wenye sare.

Nilipiga simu kikosini. Aliyepokea alikuwa karani kijana, sauti nisiyoifahamu. Nilimweleza aliyefariki, cheo chake, na kwamba ndiye aliyeanzisha kazi ya kurudisha kanopi badala ya kuagiza mpya. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaniuliza namba ya jeshi ya marehemu, ili atafute jalada.

Sikuwa naijua. Nilimwita afande miaka yote ile, namba yake sikuwahi kuitazama.

“Bila namba itakuwa vigumu, mama,” alisema. “Familia yake wakiipata, waje nayo.”

Nilimpigia mke wake, akasema karatasi zote zilikuwa Nyarugusu kwenye chumba alichopanga, na mwenye nyumba alikuwa ameshakipangisha kwa mtu mwingine. Alisema atamtuma mtu akaulize. Hiyo ilikuwa Machi. Sijampigia tena, na yeye hajanipigia.